Bega la Kushoto

Umeme ulikatika Kadutu tangu Jumapili,
na mashine za vijana, mtaa mzima,
zikanyamaza vichwa vikiwa nusu.
Hapo ndipo watu hulikumbuka jina langu.

Wembe ninao: wa kukunja, mpini wa pembe,
niliachiwa na mjomba Cishugi.
Kilichokosekana ni ngozi ya kuupitishia.
Ile ya kwanza ililiwa na panya wakati wa mvua,
panya wa huku hawabagui.

Nikashuka kwa M'Kabeza, kando ya ngazi za soko,
anakotandaza vitu visivyo na wenyewe:
funguo zisizo na milango, miwani ya jicho moja,
na mkoba wa posta.
Tumbo lake limeoza, bizimu imeota kutu.
Mkanda tu ndio uliokuwa mzima,
mpana kama kiganja,
ngozi ya ng'ombe iliyotengenezwa na watu wasio na haraka.
Alitaka franga elfu tano. Nilitoa elfu tatu na lawama.

Nikauosha kwa sabuni ya kipande,
nikausugua kwa ubavu wa chupa,
nikaulisha mafuta ya ng'ombe siku tatu,
ukanywa kama mtu aliyetoka Walungu kwa miguu.
Upande wa nyama nikaupaka majivu
niliyoyachekecha kwa kitenge cha mke wangu
(hajajua).
Nikauning'iniza kwenye mwimo wa mlango.

Kunoa huku si kunoa panga.
Mgongo hutangulia, makali hufuata.
Ukitanguliza makali, unaikata ngozi
inayokutengenezea kazi.
Nenda. Pindua kwa mgongo. Rudi.
Sauti yake ni ya mtu anayefungua bahasha
polepole, asiichane.

Ila pana mahali, katikati, pamebonyea.
Nilipalaza chini ya mawe juma zima,
pakakataa.
Wembe ukifika hapo hubadili sauti,
kama mtu anayemeza mate katikati ya jina.

Alhamisi akaingia mzee Ntabaza.
Bega moja juu, jingine chini;
nikadhani kazaliwa hivyo.
Nikaushika mkanda, nikaanza.
Akainua kidole.
"Rudia."
Nikarudia.
"Namba saba," akasema. "Huo ni wangu. Bega la kushoto.
Miaka ishirini na sita, mlima wa Muhungu, kupanda na kushuka.
Mishahara ilipokoma nilitembea miezi minane mingine.
Barua zilikuwa zimeshabandikwa stempu,
sasa ningefanyaje?"

Kinyozi akikosa la kusema hupaka povu.
Nikampaka povu.

Taya lake likiwa mkononi mwangu akauliza
kama ndani ya mkoba mlikuwa na kitu.
Mavi ya panya, nikamjibu, na kipande cha kamba.
Nilidhani atacheka.
"Kamba ilikuwa yangu," akasema,
na koo likapanda, likashuka, chini ya wembe,
nami nikangoja litulie.

Kisha nikanyoa.
Sijawahi kuwa na makali kama yale.
Ndevu zilianguka bila kujua zimekatwa.

Umeme ukarudi tukiwa kwenye shavu la pili.
Watoto wakapiga kelele ng'ambo ya barabara,
mashine zikaanza kunguruma,
wenye vichwa nusu wakatoka mbio kwenye benchi langu.
Yeye akabaki, macho amefumba,
anasikiliza mkanda uliokuwa hausemi tena.

Akalipa kama wengine. Chenji akaihesabu.
Pale mlangoni akausugua mkanda,
palepale palipobonyea,
kwa bega, si kwa mkono.

Mlango wangu ni mwembamba, kweli.
Labda alikuwa anapita tu.
Lakini yale mawe nimeyarudisha nje.